Baraza Jekundu la Blomspruit

Blomspruit, karibu na Ladysmith
14 Januari 1996

Kwa Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Natumaini magoti yako yametulia na kwamba yule mwizi wa kuku ameona aibu akahama Nquthu. Mimi ni mzima, mzima mno mpaka naona haya. Bhekithemba ni mzima, na wakwe ni wazima.

Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo, ulilia kuliko wote na kitambaa chako cha kichwa kikaanguka kwenye mchuzi. Lakini kila asubuhi naamka namwona pale kando yangu, mdomo wazi kama mtoto, nami najiambia upya: huyu ni mume wangu. Halafu natazama ukuta nyuma yake najiambia: na hii ni nyumba yangu. Sijui kipi kinanifurahisha zaidi. Usimwambie.

Ngoja nikueleze nyumba, maana siku ya arusi uliiona kwa mbali tu, nyuma ya moshi wa masufuria. Ni ya matofali ya kuchoma, Shangazi, yote. Yule babu wa baba yake Bhekithemba aliyeijenga (jina lake siruhusiwi kulitamka) alichimba udongo pale kijitoni, akayafyatua na kuyachoma mwenyewe na ndugu zake, miaka zaidi ya mia iliyopita, waliponunua shamba hili kwa pamoja. Hakuna tofali linalofanana na jirani yake. Yaliyokaa karibu na moto tanurini ni meusi kama zambarau, yaliyokaa pembeni yana rangi ya mkate. Ameyapanga moja kwa urefu, moja kwa kichwa, moja kwa urefu, moja kwa kichwa, ukuta mzima kama mkeka uliosukwa. Juu ya madirisha ameyasimamisha yakashikana mabega kwa upinde, hakuna chuma wala mbao, yanajishikilia yenyewe tu. Kwenye mlango wa jikoni kuna tofali lenye unyayo wa kanga aliyelikanyaga likiwa bado bichi. Kila nikipita nalisalimu. Mama mkwe alinikuta akaniita kwa jina langu jipya la bibi arusi, "Makoti, huyo kanga ameshaliwa zamani, hatakuitikia."

Kuta ni nene kiasi kwamba dirishani mtu anaweza kukaa na miguu juu. Bhekithemba alinikalisha kwenye dirisha la chumba chetu akasema, "Hapa nilizoea kujificha nikiwa mdogo, kabla hatujahamishwa, nikiletewa dawa ya minyoo. Hapa na watoto wetu watajificha." Shangazi, niliyeyuka kama siagi.

Chumba chetu kiko nyuma. Mbele sijafika. Wewe unajua mambo ya makoti: napita mlango wa nyuma, na sebule ya mbele, wanapokaa wazee na mahali pa mizimu yao, sikanyagi mpaka Baba mkwe mwenyewe aniite kwa mlango wa mbele. Lakini kila alfajiri nipo mbele, kwa magoti! Kazi yangu ni kupaka nta baraza. Ni baraza la saruji nyekundu linalozunguka mbele na pande mbili, Baba mkwe alilimwaga mwenyewe, na linapong'aa watu wa barabarani huangalia mara mbili. Nalisugua mpaka mlangoni, naona kizingiti, narudi kinyumenyume. Ajabu, sivyo? Nakipaka nta kizingiti cha mlango nisioruhusiwa kuupita.

Niandikie upesi. Nisalimie kuku.

Mwanao anayekupenda,
Khethiwe


Nquthu
27 Januari 1996

Kwako mwanangu Khethiwe,

Salamu zimefika, na mimi nakurudishia. Magoti yanauma kama kawaida yake, mvua ikikaribia yananiambia kabla ya redio. Kuku wako salama, mwizi hajahama ila amenunuliwa mbwa na mkewe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta bwana arusi. Nimemkuta kwenye dirisha na kitandani mdomo wazi. Matofali nimeyakuta kila mahali. Mwanangu, umeolewa na mwanamume au na tanuri? Wanawake wa maombi ya Alhamisi kanisani niliwasomea ile ya kanga, MaNdlovu akacheka mpaka akatoka nje.

Na hao wakwe zako, hakuna mwenye jina? Babu hana, baba hana. Siku moja utaniandikia habari za nyumba nzima ya watu wasiojulikana. Lakini heshimu hivyo hivyo. Nakutania tu.

Jambo moja. Uliandika kuhusu kila kitu isipokuwa ile harufu. Siku ya arusi, wewe hukuniona, niliingia mara moja sebule ya mbele na wazee kupeana mikono. Nzuri, ndiyo, lakini inanuka kama sanduku la nguo zilizofungwa na unyevu. Fungueni madirisha.

Shangazi yako


Blomspruit
18 Februari 1996

Kwa Shangazi mpendwa,

Salamu zako nimezipokea kwa machozi, na si kwa ajili ya MaNdlovu. Afya yangu ni nzuri, ya Bhekithemba pia. Nyumba ndiyo mgonjwa.

Jumapili iliyopita Mama mkwe alikuwa anawapelekea wageni chai sebule ya mbele. Mimi nilikuwa kwenye ukumbi, nikasikia kishindo na vikombe. Mguu wake ulikuwa umezama kwenye sakafu ya mbao mpaka gotini! Mbao zimeoza zimekuwa kama keki. Namshukuru Mungu hakuvunjika, alichubuka tu, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Birika limepona?"

Kisha Baba mkwe akatutoa nje kutuonyesha ufa. Unaanzia kwenye pembe ya dirisha la mbele, unapanda kwenye viungo vya matofali kama ngazi. Mwaka jana ulikuwa unaingia kucha, sasa unaingia kidole. Akasema, "Nyumba imechoka. Baada ya Pasaka tingatinga linakuja. Tutajenga ya bloku, paa bapa, kama za mjini." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kofia ilikuwa mkononi, kama mtu aliye makaburini.

Bhekithemba hakula. Alikwenda kukamua ng'ombe akarudi na ndoo nusu. Shangazi, ile serikali ya ubaguzi ilipowapakia watu wa hapa kwenye malori, hii ndiyo nyumba pekee iliyoachwa imesimama, kwa sababu Kaburu aliyepewa shamba aliona inafaa kuhifadhia majani ya ng'ombe. Ilivumilia majani karibu miaka ishirini ikiwasubiri. Na sasa wenyewe wamerudi, ndipo ife?

Nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Paka wetu alipotea, nikamtafuta, nikasikia vitoto vinalia chini ya nyumba. Ukutani kwa nyuma, chini kabisa, karibu na ardhi, yule babu ameacha matundu, tofali moja ndiyo, tofali moja hapana, yamewekewa vyuma vya kuzuia panya. Kimoja kimeng'oka, paka akaingia. Nikaweka mkono. Kuna upepo mle, Shangazi! Upepo mkavu, wa baridi, unapita chini ya sakafu. Na vyumba vya nyuma havinuki, mbao zake ni ngumu kama mfupa.

Kesho yake nikisugua baraza nilijipinda nikatafuta matundu ya mbele. Hayapo. Nikakuta kipande cha chuma kama kile cha nyuma, ncha tu, kinachungulia pale saruji inapokutana na ukuta. Matundu yapo. Yapo chini ya baraza. Na saruji imepanda ukutani mpaka juu ya sakafu ya ndani, kila mvua inanywewa na matofali.

Nimelipaka nta mimi mwenyewe, kila siku, lile linaloiua. Nifanye nini?

Mwanao,
Khethiwe


Nquthu
27 Februari 1996

Mwanangu,

Nakusalimu, na mguu wa mkwe mwenzangu nausalimu pia. Mwambie apake majani ya mpera yaliyochemshwa.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameziba pasipo na ufa, wakaupata. Nakuamini, maana pua yangu ilikuwa imeshaniambia.

Lakini usithubutu kufungua mdomo. Makoti wa miezi miwili hamwambii baba mkwe kwamba kazi ya mikono yake ni sumu. Hata ukisema kweli, hasa ukisema kweli. Mwambie mumeo. Yeye ni mwana, anayo haki ya kufukuzwa na kurudi.

Na acha kujilaumu kwa nta. Nta haijaua nyumba ya mtu.

Shangazi yako


Blomspruit
10 Machi 1996

Kwa Shangazi,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Nilimwambia Bhekithemba. Nilimpeleka nyuma, akalala kifudifudi akaweka mkono, halafu akanibusu mchana kweupe karibu na zizi! Akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Mimi nilikuwa ukumbini na fagio, nikasikia yote.

Alianza vizuri. "Baba, nimeona matundu ya nyuma..." Baba mkwe akamsikiliza. Alipofika kwenye baraza, mzee akasema polepole, "Wewe ulikuwa wapi nilipolimwaga?"

"Nilikuwa chuoni, Baba."

"Ulikuwa chuoni. Mimi nilirudi hapa peke yangu, nina beleshi na mifuko ya saruji. Sikuanza na paa. Sikuanza na kisima. Nilianza na baraza. Unajua kwa nini? Ili atakayekuja tena na lori aone kwamba safari hii tumeganda. Sasa mwanangu ananiambia nimeiua nyumba ya babu yangu kwa mikono hii?"

"Sikusema umeiua, Baba."

"Umesema. Toka."

Bhekithemba alitoka ana uso wa majivu. Tangu siku hiyo wanapeana chumvi mezani kwa kupitia kwa Mama mkwe. Na leo kanisani mzee amemthibitishia mwenye tingatinga: Jumanne baada ya Pasaka.

Nimeshaanza kuziaga kuta. Utanicheka, lakini nazigusa moja moja. Jana Bhekithemba alinikuta kwenye lile dirisha letu, akakaa mkabala nami, magoti yetu yanagusana, akasema, "Hata ikiwa ya bloku nitakupenda." Najua. Lakini kwenye ya bloku hatuwezi kukaa wawili dirishani.

Mwanao,
Khethiwe


Nquthu
18 Machi 1996

Mwanangu,

Salamu. Futa machozi, usome.

Arusi yenu ilikuwa ya haraka, na sisi wa upande wako hatujaleta umbondo, vile vyakula vya kuwashukuru wakwe. Mkono mtupu haulambwi, na aibu ni yangu. Jumamosi tarehe thelathini tunakuja na vyakula vyote, mimi, MaNdlovu na wanawake wa Alhamisi. Mwambie mkwe mwenzangu apike pombe ya kutosha, tutakuwa na kiu.

Unakumbuka wanaopeleka umbondo huingia vipi? Mizigo kichwani na nyimbo mdomoni. Na siku hiyo wakwe huimbwa. Unaweza kumwimba mtu upara wake, uchoyo wake, ng'ombe wake waliokonda, naye anatakiwa acheke. Linaloshindikana kusemwa siku mia moja linaimbika siku hiyo moja.

Wewe hujui lolote. Kaa jikoni. Ila asubuhi hiyo paka nta baraza mpaka lijione lenyewe.

Shangazi yako


Nquthu
2 Aprili 1996

Mwanangu Khethiwe,

Nakusalimu. Tumefika salama, MaNdlovu ameacha viatu vyake kwenu.

Wewe ulikuwa jikoni, hukuuona uso wa baba mkwe wako, kwa hiyo nakueleza. Tuliingia vizuri. Tulimwimba pua yake, akacheka. Tulimwimba ng'ombe wake wanaotoa maziwa ya kutosha kunyolea ndevu tu, akacheka akapiga paja. Kisha nikatua gunia langu la unga juu ya baraza, katikati kabisa, nikaanzisha kwa jina la ukoo wao, Mntungwa:

Nyumba ya Mntungwa ni nzuri, jamani,
ina kanzu nyekundu mpaka puani!
Mbona mbele yakohoa?
Mmeiziba pua, jamani, mmeiziba pua!
Nyuma haikohoi, nyuma paka amezaa!

Wanawake wakaitikia, MaNdlovu anapiga mguu juu ya saruji: mmeiziba pua! Watu wenu wakacheka. Na yeye alianza kucheka. Halafu nikaona kicheko kimekwama. Alimtazama mwanawe. Akatazama chini, penye miguu ya MaNdlovu. Akavua kofia, akazunguka nyumba akaondoka, na hakurudi kutuaga.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilisahau, nikamgusa palepale. Kama nimekuharibia ndoa kwa ajili ya mdomo wangu, niambie. Nitakuja kupiga magoti, haya haya mabovu.

Sijalala vizuri. Andika.

Shangazi yako


Blomspruit
21 Aprili 1996

Kwa Shangazi wangu, Shangazi wa dhahabu, Shangazi usiye na mfano,

Salamu! Salamu! Unisamehe kukuacha bila usingizi. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge, sikuweza kushika kalamu. Utaelewa.

Baada ya ninyi kuondoka mzee alikula peke yake. Wiki nzima. Ijumaa Kuu alikaa kanisani kama jiwe. Jumatatu ya Pasaka, tumetoka ibadani, nikiwa naanika vyombo nyuma, namwona anakuja na suti yake nyeusi na tai. Nikainamisha kichwa. Akanipita. Akafika ukutani, akapiga magoti, kisha, Shangazi, akalala kifudifudi kwenye vumbi na suti ile, akaingiza mkono mzima kwenye tundu mpaka begani. Vitoto vya paka vikamkwaruza. Hakuutoa. Alikaa hivyo mpaka Mama mkwe akatoka jikoni akapiga kelele, "Yesu wangu, mume wangu amekufa!"

Akajibu kutoka chini, "Sijafa. Nyamaza. Kuna upepo."

Akainuka, hakujipangusa. Akaenda mbele, akasimama juu ya baraza. Akaita, "Bhekithemba! Lete nyundo kubwa." Bhekithemba akaja nayo, akataka kuanza. Mzee akamnyang'anya. "Nililimwaga kwa mikono yangu. Pigo la kwanza ni langu." Akavua koti. Shangazi, alipopiga nililia kama mtu ameumizwa, na mimi ndiye niliyetaka. Ile nyekundu ilipasuka kama tikiti. Mzee naye alikuwa analia huku anapiga, na hakuna aliyejifanya haoni. Pigo la tatu akampa mwanawe nyundo. Baada ya hapo walipokezana, na Mama mkwe na mimi tukabeba vipande.

Jumanne mwenye tingatinga akafika, tumejaa vumbi kama wachawi. Akasema, "Mzee, mbona mmeanza bila mimi?" Baba mkwe akamwambia, "Leo umekuja kunywa chai. Keti." Akanywa, akala na nyama ya Pasaka, akaondoka ananung'unika.

Matundu ya mbele yalipofunguka ilitoka pumzi ya ajabu, ya majani makavu na uoza, Mama mkwe akapiga chafya mpaka akakaa. Hivi sasa, ukisimama nyuma na mkono tunduni, unausikia upepo unaoingia kwa mbele. Nyumba inahema! Sebuleni mbao zilizooza zimeng'olewa, Bhekithemba ameanza kuweka mpya. Ufa bado upo. Mzee amebandika udongo kidogo juu yake ili aone kama utapasuka. Mpaka leo haujapasuka. Kila asubuhi anaukagua kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

Sasa sikia la mwisho. Juzi tulipofika mbele ya mlango, chini ya saruji nyundo ikalia sauti nyingine. Mzee akaizuia kwa mkono. Akachimba kwa vidole. Zilikuwa ngazi, Shangazi. Ngazi za mawe za yule babu, zimechongwa, katikati zimelika kwa nyayo za watu wake wote, kabla ya malori. Mzee alikuwa amezifukia asijue. Alikuta zimezama kwenye udongo na samadi, akadhani Kaburu alishazing'oa, akamwaga juu. Akakaa chini akazifuta kwa kofia yake, moja moja, mpaka zote zikaonekana.

Kisha akaniita. Nikasimama mbali, kichwa chini, shuka mabegani. Akasema, "Makoti, wewe ndiye uliyeipaka nta nyumba hii kwa magoti. Sisi tumelika, hatujui kama mawe haya bado yanabeba mtu. Pita utuonyeshe."

Nikamtazama Bhekithemba. Alikuwa amesimama na nyundo, anacheka na machozi yanachora mistari kwenye vumbi, sijawahi kuona mwanamume mzuri kiasi kile na sitaona. Nikavua viatu. Nikapanda. Jiwe la katikati lina shimo dogo, kisigino changu kikaingia kama kilipimwa. Nikapita mlango wa mbele, ule niliousugulia kizingiti tangu Desemba, nikaingia sebuleni, nikasimama juu ya ubao mpya, na upinde wa dirisha ukawa juu yangu, na jua limejaa kiti cha dirishani, kipana kuliko cha chumba chetu. Wanakaa wawili, na mtoto katikati.

Baba mkwe anakusalimu. Ameniambia niandike hivi hivi: "Mwambie huyo mama mnene wa Nquthu kwamba ana sauti ya chura, na wimbo wake nitamjibu siku nyingine. Kwa sasa namtumia zawadi." Ipo kwenye gunia, dereva wa basi atakuletea. Ni nzito, usiinue peke yako.

Sasa sina baraza la kung'arisha. Nimezipaka nta ngazi kidogo tu, Mama mkwe akaniambia, "Wee, utatuvunja shingo!"

Mwanao mwenye furaha isiyo na mipaka,
Khethiwe


Nquthu
5 Mei 1996

Mwanangu,

Nimelala. Nakushukuru.

Gunia limefika. Dereva alilaani kutoka Dundee mpaka hapa, akidhani nimetumiwa maiti. MaNdlovu na mimi tulilifungua tukakuta kipande cha saruji nyekundu, kinang'aa mpaka nikaona kilemba changu ndani yake. Hiyo ni kazi ya mikono ya mzee na magoti yako, na ni imara kweli, msimdharau, baraza halikuwa na kosa ila mahali.

Mwambie nimekubali zawadi, na sauti ya chura tutaimaliza uso kwa uso, siku ya kumleta mjukuu.

Nimekiweka chini ya mlango wangu wa mbele. Unajua ulivyokuwa ukijifunga wenyewe kila upepo ukivuma. Sasa haujifungi tena, na nyumba inapata hewa siku nzima.

Shangazi yako